Mama Breki na Mwanafunzi Wake wa Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwalimu wa udereva. Alifundisha miaka thelathini na mmoja, na kila aliyepita mikononi mwake alimwita Mama Breki, kwa sababu gari lake lilikuwa na breki mbili na ya kwake haikupumzika. Hata mimi nilipita. Mara mbili alikataa kunipeleka kwenye mtihani. Alisema naendesha kama mtu aliyeazima gari.

Mama Breki alifariki Alhamisi iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake. Narudia: nyumbani kwake. Hilo alilipigania.

Miaka sita iliyopita alipatwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukagoma, mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta. Mumewe alikuwa ametangulia zamani. Mwanawe wa pekee, fundi wa lifti, akaamua mama ahamie kwake, ghorofa ya nne. Mama akakataa katakata. Wakavutana weee, mwisho mwana akampa miezi mitatu aonyeshe kwamba anaweza kuishi peke yake. Akishindwa, anahama.

Mama Breki alikuwa na mbwa, koko mkubwa wa kahawia, sikio moja limelala. Akambadilisha jina, akamwita Mwanafunzi. Somo lilikuwa dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, na zawadi ni kipande cha ini. Walianza na funguo. Wiki ya kwanza mbwa alizinusa tu. Wiki ya pili akaziokota, akakimbia nazo uani. Wiki ya tatu akaziweka kwenye kiganja cha kulia cha mama. Jirani yake, msusi, anasema alimsikia akirudia neno lile lile mara mia, bila kupandisha sauti hata kidogo. Sisi wanafunzi wake wa zamani, aliotufokea kila siku, hilo lilituuma.

Kisha mama akafunga kitambaa kwenye mlango wa friji, mbwa akajifunza kukivuta. Siku mwana alipokuja kusalimia, akakuta friji wazi, nyama ya wiki nzima hakuna, na Mwanafunzi amelala chali, tumbo limejaa pomoni. Akasema, "Mama, sasa yatosha."

"Aliyekosea ni mimi," mama akamjibu. "Nimemfundisha kufungua. Kufunga sijamfundisha."

Miezi mitatu ikaisha. Mwana akaja Jumamosi na mabegi mawili matupu. Masharti aliyaweka mama: wewe utakaa kwenye kiti, utaangalia, hutagusa kitu. Funguo zikaanguka, zikaokotwa. Soksi zikavuliwa kwa meno. Friji ikafunguliwa, ikafungwa. Mambo yalikwenda shwari mpaka mama alipoteleza kwenye korido. Hilo halikupangwa. Alianguka kweli.

Mwana akaruka kutoka kitini. Mama, akiwa sakafuni, akamwambia, "Baba, kaa. Ukiniinua leo, nimehama."

Akakaa. Wasikilizaji, alikaa. Mama akamwita mbwa. Mbwa akaenda jikoni, akauma kamba iliyofungwa kwenye mguu wa stuli, akaiburuta stuli mpaka ubavuni mwa mama. Mama akaegemeza kiwiko cha kulia, akapumua. Akapiga goti, akapumua tena. Akajivuta, akaikalia. Dakika tisa. Mwana anasema alizihesabu, na alilia dakika zote tisa. Baadaye akayarudisha mabegi garini.

Basi Mama Breki akaishi humo zaidi ya miaka mitano, kwenye nyumba aliyoizoea, hadi Alhamisi.

Nilimuuliza mwanawe ni kipi kinachomrudia zaidi siku hizi. Akasema: "Mbwa alijua mama anataka nini. Mimi nilikuja na mabegi."

Kule ghorofa ya nne hawaruhusu mbwa. Kwa hiyo wiki hii mwana, mkewe na watoto wao wanahamia kwa mama, wamtunze Mwanafunzi.

Kwa familia hiyo, na kwa jirani msusi, poleni sana. Mungu amlaze mwalimu wetu mahali pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mnaompangia mzazi mambo yake, mpigieni simu jioni ya leo. Mwulizeni anataka nini, kisha mnyamaze mpaka amalize kujibu.