Shangazi Aliyekataa Kumzindua Mfungwa

Marehemu shangazi yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Alimaliza sekondari, akahitimu uuguzi mwaka 1971. Shuleni wenzake walimwita Jiwe, maana akishasema hapana, maongezi yamekwisha. Sisi watoto wa kaka yake tulijaribu kumbembeleza mara nyingi, tukaambulia patupu.

Mwaka 1975 aliolewa na fundi viatu aliyefika kutibiwa kidole kilichochomwa na sindano. Kidole kilipona upesi, lakini mgonjwa akaendelea kuja kufungwa bandeji. Shangazi alijua, akaendelea kumfunga.

Baadaye alihamishiwa zahanati ya gereza. Huko mfungwa akizimia anapohojiwa, muuguzi aliitwa amzindue ili mateso yaendelee, na wakubwa waliita hayo matibabu. Alipoitwa mara ya kwanza, Agosti 1983, alimkuta kijana amelala kwenye sakafu iliyolowa, anapumua kwa shida. Mkuu wa upelelezi alimweleza kuwa kijana anajua bomu lilipofichwa, na wasio na hatia watakufa. Shangazi alipokataa, mkuu akamuuliza:

"Na kama kweli anajua, dada?"

"Hata kama anajua. Mimi natibu mtu apone, simtengenezi ili apigwe tena."

Akaketi sakafuni, akampakata kichwa, akasema atakayemgusa aanze na yeye. Walimtukana, wakamtishia, hakubanduka mpaka kijana alipopelekwa hospitali. Akapona. Bomu halikuwapo, ila shangazi hakupenda tumtetee kwa hilo. Alisema hata lingekuwapo, jibu lake lingekuwa lile lile.

Kesho yake alifukuzwa kazi. Mumewe alimwambia watu hawataacha kuchakaza viatu, kwa hiyo watakula tu. Na kweli walikula. Mwaka 1997, katika kesi ya kupinga kuwazindua wafungwa ili wateswe, alikuwa shahidi wa kwanza mahakamani. Wakili wa serikali alimhoji mpaka akachoka mwenyewe. Mahakama ikapiga marufuku desturi ile. Jamani, siku hiyo tulishangilia mpaka sauti zikakauka.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2018. Alifariki tarehe 2 Juni 2019, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na wauguzi wa magereza waliojaa safu za nyuma hapa mazishini wakiwa na sare zao. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuamriwa amzindue mtu ili ateswe.

Alale kwa amani. Ameshinda.