Si Mkono wa Kokuberwa

Nigeuzeni, wanangu. Sivyo, hivi, niiname mbele, magoti yaguse kifua, hapo ndipo maumivu hunipa nafasi ya kusema. Elpidius, keti, usinisimamie mlangoni kama askari wa Mkama, mtawala wetu, langoni pake. Protase, nawe acha kuchungulia njia. Wabeba machela watafika, lakini kabla sijatapika damu tena sikieni neno langu, maana maneno ya watu mmeyasikia mengi.

Nimeambiwa mmemwamuru Kokuberwa, mke wangu, afungashe mizigo yake arudi kwao. Ati kanitilia sumu kwenye uji. Elpidius, jana ulisema mbele ya majirani, "Baba, kikulacho ki nguoni mwako." Kweli, mwanangu, lakini kinilacho mimi kimevuka nguo na ngozi. Mama yenu Adelgunda akiwa hai, Kokuberwa hajaijua hata njia ya kuja Nyakakika, nani walinikuta nimepiga magoti migombani, nimelikumbatia tumbo baada ya kula? Ni nyinyi, mkacheka mkidhani nasali. Tangu hapo nakonda, mgongo unawaka, chakula kinanipita na mafuta yake. Daktari wa misheni aliniambia, "Mzee Kashaija, hili ni kongosho, liko nyuma ya tumbo. Limeugua miaka mingi, pombe imelichochea, na sasa limeula mshipa wa damu." Yeye alinipapasa. Mganga wenu hakunigusa hata kidole, akawatajia jina la mwanamke.

Nigeuzeni tena... Hapana, niacheni.

Kibanja cha juu na mibuni yake ni chenu wawili, mgawane mbele ya wazee wa ukoo. Cha bondeni ni cha Kokuberwa na dada yenu mdogo, Felicitas. Atakayewang'olea mgomba mmoja amenifukua kaburini.

Kokuberwa, toka huko jikoni. Usilie. Nipe maji, kwa mkono wako. Mwache, Protase! ... Mmeona? Nimekunywa. Elpidius, pokea kibuyu, unywe baada yangu. Kunywa, mwanangu... Vema.

Mungu awape watoto wenye kuwasikiliza. Migomba yenu isiangushwe na upepo. Msi... msigombane juu ya maiti yangu. Nifunikeni miguu, baridi inapanda.

Elpidius, mwambie aketi karibu nami. Si hivyo, si kwa jina lake. Mwite mama.

Mwite... nisikie.