Rede Haikukatazwa

Mama zangu, shikamooni. Mmenipa nafasi niseme, basi leo mnisikilize mpaka mwisho, maana kila mkikutana hapa kwenye kikoba mnasema simu zimetuharibu. Jamani, mmewahi kutuuliza?

Mimi nilikuwa mtoto wa rede. Nikiingia kati, wenzangu wawili wananilenga kwa mpira huku na huku, mimi chupa naijaza mchanga mpaka shingoni, mipira inapita tu, hanipati mtu. Nikachezwa unyago, nikatoka, nikatunzwa vitenge, na kaka yangu anayebeba mizigo bandarini akanitunza simu. Raha! Siku chache baadaye nashika chupa yangu niende uwanjani, mama huyo mlangoni.

"Wapi? Wewe umeshachezwa. Somo wako kasema hakuna kucheza tena."

Kuokota korosho niliruhusiwa, kuteka maji niliruhusiwa, shule niliruhusiwa. Kucheza, marufuku. Sasa jioni nifanye nini, nihesabu makuti ya paa? Nikashika simu. Wenzangu tuliochezwa pamoja wamefungiwa vilevile, tumejazana wote kwenye grupu. Usipoingia leo, kesho wanacheka jambo hulijui. Nikijirekodi naimba, mtu nisiyemjua ananiwekea moyo. Nyumbani nani alikuwa ananisifu? Nawaambia, mama zangu, nikawa naitwa sisikii, ugali unaungua, masomo yanashuka, roho inaniuma na bado nabonyeza.

Mama akaniita zezeta. Akaninyang'anya simu, akaifungia sandukuni, akajua yamekwisha. Wapi! Nikakaa palepale mkekani natazama ukuta. Siongei, sili. Hapo ndipo alipoogopa, akamwita somo wangu, yule aliyenifunda.

Somo hakuuliza habari za simu hata kidogo. Alisema, "Huyu mbona hachezi na wenzake?"

"Si wewe ulisema asicheze?" mama akajibu.

"Toba! Nilisema asicheze na wavulana vichakani! Rede nimeikataza lini mimi?"

Mimi nililia, na msidhani ni furaha, ilikuwa hasira. Neno moja mama zetu wamelisikia vibaya, mimi nimekaa ndani muda wote ule naitwa zezeta! Hasira hiyo haijaisha, bora niseme ukweli.

Somo akanishika mkono mpaka uwanjani, akakaza kanga kiunoni, akaanza kurusha mpira yeye mwenyewe, mtu mzima vile! Wasichana wakatoka majumbani mmojammoja. Somo wangu, upo hapo nyuma, asante sana. Mama, na wewe asante, maana ulikubali kumwita.

Ninyi wengine, kabla hamjanyang'anya mtoto simu, jiulizeni jioni mmemwachia wapi pa kwenda.

Simu nilirudishiwa. Juzi mama kaja nayo mbio uwanjani, anahema, "Wewe, simu yako inaita!"

Nikamwambia, "Iache iite, mama. Chupa haijajaa."