Pilipili ya Mwisho Kwenye Kopo

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na kukaa bure kunachosha kuliko kazi. Tulijibwaga kwenye benchi mbele ya duka la Kinyozi, birika la kahawa katikati yetu. Pembeni, kwenye cherehani yake, alikaa Fundi. Tangu amzike mkewe, kila jioni Fundi hunywa kahawa akitafuna pilipili moja kutoka kwenye mche alioupanda marehemu ndani ya kopo la rangi, lililo kando ya cherehani. Machozi humtiririka, nasi huanza ubishi uleule. Jioni hiyo nayo yalikuwa yanamtiririka.

— Ulimi unadanganywa tu, alisema Betri, anayechaji simu za watu. Hakuna moto pale. Mishipa inapeleka habari kichwani: jamani, tunaungua!

— Habari za uongo? aliuliza Kinyozi.

— Za uongo kabisa. Kichwa nacho kinafungulia maji, kizime huo moto.

— Acha hizo, alisema Kinyozi. Mimi nashika vichwa vya watu. Ukali wa pilipili ni mvuke, unapanda utosini kutafuta pa kutokea. Ndiyo maana wenye vipara hatuungui.

— Wewe? alidakia Betri. Juzi si ulilia mpaka ukamkata mteja sikio?

— Yale yalikuwa mafua.

Nikaona nami nisipitwe.

— Pilipili hufuata roho ya aliyeipanda. Akiwa mkali, na yenyewe inakuwa kali.

— Shemeji alikuwa mpole, alisema Betri taratibu.

Nilitamani niyameze maneno yangu.

Hapo akaja mama mmoja, mgeni mtaani, kuchukua sare ya mwanawe.

— Hamjambo? Jamani, mbona fundi analia?

— Pilipili hiyo, mama, tukamjibu kwa pamoja.

— Ipi? Hii aliyoishika?

Tukageuka. Pilipili ilikuwa kiganjani mwa Fundi, nzima, na kikonyo chake. Kwenye kopo mche ulikuwa mtupu. Miezi yote tumebishana juu ya ulimi wa mtu, na hata siku moja hatukumuuliza habari zake. Niliona haya.

— Ndiyo ya mwisho, alisema Fundi. Nikiila hii, kesho nitasingizia nini?

Betri alinyanyua birika ammiminie, likatoa tone moja, basi. Tukasogeleana, tukamwachia nafasi kwenye benchi.