Bibi Ukurasa, Karani Aliyesoma Kutoka Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko dukani, mwambie mteja avute subira kidogo. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa karani wa jaji wa mahakama ya rufaa kwa miaka kumi na tisa. Narudia: karani wa jaji, mahakama ya rufaa, miaka kumi na tisa. Tarakimu hiyo nimeihakiki mara tatu kabla ya kukaa kwenye kiti hiki, na mkinivumilia mtajua kwa nini.

Ametutoka wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sabini na moja, nyumbani kwake, kitandani kwake, na redio ikiwa inazungumza. Watu walimwita Bibi Ukurasa.

Nina jambo jingine leo, nalitaja mapema nisije nikaingia mitini. Miaka mitatu iliyopita nilikosea katika kipindi hiki. Bibi Ukurasa aliligundua kosa hilo, akanitaka nilirekebishe hewani. Nilimwahidi nitalirekebisha. Sikulirekebisha. Binti yake yuko hapa studio, amekaa mbele yangu, na macho yake ni ya mama yake kabisa. Sina pa kukimbilia.

Tuanze na kazi. Ukisikia karani, unawaza mtu wa kupiga mihuri na kukwambia urudi kesho. Huyu sivyo. Kesi ikishakatwa huko chini na mtu akakata rufaa, maneno yote ya kesi hushonwa pamoja yakawa jalada. Majalada mengine ni manene kama mto wa kulalia. Karani wa jaji ndiye anayelisoma lote, neno kwa neno, kisha anamwandikia jaji muhtasari: huyu alisema hiki, yule alisema kile, na kila kimoja kiko ukurasa fulani. Jaji naye analisoma, lakini muhtasari ndio taa yake. Taa ikikosea njia, wote wanaingia shimoni.

Ndiyo maana swali lake lilikuwa moja maisha yote: “Ukurasa wa ngapi?”

Binti anasema, “Nikimwambia, ‘Mama, mdogo wangu kanipiga,’ ananiuliza, ‘Ukurasa wa ngapi?’ Yaani nilete ushahidi! Nilikuwa na miaka sita, jamani.”

Mume wa Bibi Ukurasa ni fundi saa. Nilimtembelea kwenye kibanda chake juzi, saa zote ukutani zinaenda sawasawa, mpaka nikaona aibu kutazama yangu. Akaniambia: “Siku ya kwanza nilimwambia yeye ni mzuri kuliko wote. Akaniuliza ukurasa wa ngapi. Nikamjibu, ukurasa wa mwisho, bado sijaufikia. Akacheka. Kwisha habari yangu.” Halafu akainama, akafuta kioo cha saa ambacho kilikuwa kisafi tayari. “Mimi narekebisha saa,” akasema, “yeye alirekebisha watu.”

Sasa sikilizeni namna yake ya kusoma, maana hapo ndipo penye hadithi. Bibi Ukurasa alisoma jalada kuanzia mwisho. Ndiyo, mwisho. Analifungua nyuma, anakwenda mbele, shahidi wa mwisho kwanza. Wiki yake ya kwanza jaji alimkuta hivyo, akafikiri ameajiri mtu asiyejua kusoma. Akamuuliza kulikoni. Akajibiwa: “Mheshimiwa, mshtakiwa hujitetea mwisho. Msomaji akifika kwake ameshachoka, ameshaamua. Basi mimi nguvu zangu za asubuhi nampa yeye.”

Jaji yule alikuwa mtu wa kimya, maneno yake ungedhani anayakopa. Lakini siku ya pili karani alikuta meza yake imehamishiwa dirishani, penye mwanga.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka wa tano, akiwa na miaka thelathini na tisa, mdogo wake wa mwisho akapata mchumba. Harusi Jumamosi, nyumba imejaa wageni, dada mkubwa ndiye kila kitu: viti, mialiko, mashangazi waliogombana. Na mezani kuna jalada la rufaa ya mpishi wa hospitali.

Mpishi huyo alikuwa amefungwa miaka kumi na tano kwa kuchoma ghala la watu. Shahidi mmoja alidai alimwona pale, kwa mbali, saa kumi na moja alfajiri. Mpishi akasema hapana, mimi saa hiyo nilikuwa jikoni hospitalini. Mahakama ya chini ikasema: hana uthibitisho, ana maneno tu. Miaka kumi na tano. Ana watoto watatu.

Bibi Ukurasa, kwa haraka za harusi, akalisoma jalada kama watu wengine wanavyosoma. Akaanza mwanzo. Alipofika kwa mpishi, yaani mwisho, alikuwa hoi, na shangazi mmoja yuko kwenye simu ya ofisi anauliza habari za sufuria. Akapitisha jicho. Akaandika kwenye muhtasari: “Mrufani alijitetea kwa maneno matupu.” Jaji akaandika hukumu kwa taa hiyo. Rufaa itupwe. Majaji wawili wenzake wakasoma, wakakubali. Ikapigwa chapa. Isomwe Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Ijumaa hiyo, robo saa kabla, Bibi Ukurasa anaandaa jalada lirudi masijala, kwenye chumba cha kumbukumbu. Mkono una mazoea yake, wasikilizaji. Ukalifungua kwa nyuma. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Akasoma: mpishi anaiomba mahakama ipokee kitabu cha zamu cha jikoni. Mahakama inakipokea, kielelezo namba saba. Nakala yake imeshonwa papo hapo, na ndani yake, saa kumi na moja alfajiri siku ile ile, sahihi ya mpishi, na sahihi ya muuguzi aliyechukua uji wa wagonjwa. Kitabu kilipokewa, kikapewa namba, kisha hakuna aliyekitaja tena. Si hakimu, si wakili, si yeye.

Maneno matupu! Aliyaandika mwenyewe, kwa mkono wake!

Hebu jiweke pale. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua kuwa ukurasa ule umerukwa. Akinyamaza, rufaa inatupwa, jalada linakwenda masijala, yeye anakwenda harusini. Akisema, amewaaibisha majaji watatu na huenda kazi imeota nyasi. Na dakika ni kumi.

Alikuwa amevaa viatu vipya vya harusi ili vilainike. Akavivua. Akakimbia pekupeku katika korido ya mahakama ya rufaa, mahali ambapo mtu hata kukohoa anaomba ruhusa, jalada kifuani. Kiatu kimoja kilimwanguka mkononi ngazini, hakugeuka. Akawakuta majaji watatu wameshavaa majoho, wamesimama mbele ya mlango wa ukumbi. Mhudumu wa mahakama akamtolea macho. “Mama, vipi, kuna moto?”

Hakumjibu. Akamtazama jaji wake. “Mheshimiwa, nimekosea.”

Hakusema ‘kumetokea tatizo’. Hakusema ‘jalada lilishonwa vibaya’. Alisema nimekosea.

Yule jaji mchache wa maneno akauliza, “Ukurasa wa ngapi?”

“Mia mbili na kumi na nne.”

Akasoma akiwa amesimama. Akampa wa pili. Wa pili akampa wa tatu. Ndani ya ukumbi watu wanangoja, na mpishi yuko kizimbani, hajui kitu. Jaji akamwambia mhudumu, “Waambie hukumu itasomwa baada ya siku saba.”

Bibi Ukurasa akarudi ofisini, akaanza kufungasha. Kikombe chake, kalamu zake, picha ya watoto. Jaji akaingia. “Kikombe hicho kinakwenda wapi?”

“Nyumbani, mheshimiwa.”

“Kwani kikombe nacho kina harusi? Kirudishe. Halafu katafute kiatu chako, watu wanakiruka ngazini kama paka.”

Hicho kiatu hakikuonekana tena. Nani alikichukua mpaka leo haijulikani, na mtu anayeiba kiatu kimoja ana matatizo yake mwenyewe. Jumamosi akaenda harusini na ndala.

Mdogo wake, yule bibi harusi, aliniambia haya huku analia na kucheka kwa pamoja: “Dada yangu wa kwanza, kwenye picha za harusi yangu, ana ndala za bafuni! Nilimnunia miaka. Nikimuuliza anasema, ‘Mambo ya kazi, mwenzangu.’ Basi. Nimejua sababu juzi, msibani. Miaka thelathini na mbili baadaye. Ningejua, ningezibusu zile ndala.”

Baada ya siku saba hukumu mpya ikasomwa. Mpishi akatoka kwa mlango wa mbele. Hukumu ile ilisifiwa sana, mpaka wanafunzi wa sheria wakawa wanaisoma, na sifa zote akapata jaji. Bibi Ukurasa hakumwambia mtu, maana ya ofisini kwa jaji hubaki ofisini kwa jaji. Hata mume wake hakujua.

Aliyetuambia ni jaji mwenyewe. Amestaafu, ana miaka themanini na mitatu. Siku ya mazishi alisimama na mkongojo wake, akakataa kiti, akasimulia yote niliyowasimulia. Kisha akasema: “Mmezoea kunisifu kwa hukumu ile. Mimi nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango.” Akakaa. Fundi saa alikuwa analia waziwazi, na mimi pia, nikisingizia vumbi.

Na wewe mpishi, kama uko hai na unatusikiliza, sasa unajua ni nani aliyekukimbilia.

Jaji alipostaafu, Bibi Ukurasa naye akafunga kalamu, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Akabaki na redio. Masikini mimi! Kila wiki, kipindi kikiisha, simu inalia. “Mtangazaji, umesema marehemu alizaliwa kabla ya mama yake kuolewa na baba yake, halafu ukasema ni mtoto wa tatu wa ndoa. Ukurasa wa ngapi?” Fundi mitambo wetu akiona namba ile alikuwa ananipungia mkono wa kwaheri.

Sasa lile langu. Miaka mitatu iliyopita tulimkumbuka kocha mmoja. Nikasema, kwa sauti yangu nzito ile mnayoijua, kwamba yeye ndiye aliyeanzisha timu ya mpira ya wasichana, timu ya kwanza katika mji huu. Watu walilia. Nikapewa cheti. Kiko ukutani hapa, nyuma ya kichwa changu.

Bibi Ukurasa akapiga simu. “Ukurasa wa ngapi?” Nikamwambia, mama, kila mtu anajua. Akanijibu, “Kila mtu si shahidi.” Baada ya wiki mbili akaja mwenyewe mapokezi na nakala ya kumbukumbu za mkutano wa shule. Nikaisoma. Nikaona. Nikamwambia, nitarekebisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Alikuwa ananipigia: “Bado?” Nami najikausha. Ukweli ni kwamba nilikipenda cheti.

Binti ameniletea daftari la mama yake. Kuna ukurasa wangu humu. Umeandikwa tarehe moja baada ya nyingine, na kila tarehe neno moja: bado, bado, bado. Ya mwisho ni ya siku nne kabla hajafariki.

Aliyekimbia pekupeku alikuwa na dakika kumi. Mimi nilikuwa na miaka mitatu na viatu miguuni. Basi, wasikilizaji wapendwa, nimekosea. Timu ya wasichana haikuanzishwa na kocha. Kocha alikuja mwaka wa pili, akaifundisha vizuri, Mungu amrehemu. Aliyeianzisha ni mama mshonaji wa sare za shule. Yeye ndiye aliyewakusanya wasichana kumi na wanne nyuma ya karakana yake na kuwashonea jezi za bluu kwa mabaki ya vitambaa. Ukurasa wa pili, mstari wa nne. Yuko hai. Na cheti, fundi mitambo, kishushe tafadhali.

Ngojeni. Taa ya simu inawaka. Fundi mitambo ananipa ishara... haya, tupokee. Uko hewani.

“Mwanangu, shikamoo yangu iko wapi?”

“Shikamoo, mama! Nani mwenzangu?”

“Mshonaji mwenyewe. Nimekusikia. Umechelewa, lakini umefika. Ila jezi hazikuwa za bluu. Zilikuwa za njano.”

“Za njano? Mama... ukurasa wa ngapi?”

“Ukurasa gani! Nilizishona mimi!”

Jamani. Asante, mama. Asante sana. Binti hapa amejifunika uso, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mzee wetu fundi saa, kwa watoto, kwa mdogo wake na kwa mheshimiwa jaji, poleni sana. Mmempoteza mtu, nasi tumempoteza msahihishaji. Na wewe unayenisikia, huenda kuna ukurasa wako unaujua wewe peke yako. Kitasa hakijazungushwa. Kimbia, hata kwa ndala.

Binti amechukua kalamu. Chini ya ile ‘bado’ ya mwisho ameandika tarehe ya leo, na mbele yake: “Amesema.” Halafu ameongeza kwa herufi ndogo: “Njano.”