Waifai Ndani ya Kabati

Watu wengine huanza kwa salamu. Bibi yule alianza kwa kitendawili. Alimgeukia fundi aliyekaa naye basini, bunda la waya mapajani. "Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Hana miguu, anapenya ukuta, lakini akifika kitandani kwa babu yenu anazimia."

Fundi akacheka. "Hiyo waifai. Kiboksi chake umekiweka wapi?"

"Kwenye kabati la chuma, nimekifunika kitambaa. Vumbi, jamani!"

"Bibi! Umemfungia mwenzio, atapenyaje? Mtoe. Na kama ukuta ni mnene, tuutoboe, tupitishe waya mpaka chumbani."

"Tuutoboe? Mzee aliujenga kwa mikono yake! Unataka kunigombanisha naye uzeeni?" Kisha akashusha sauti. "Ila mjukuu wetu wa ng'ambo ameanza kutembea. Mimi nimemwona kwenye simu nikiwa sebuleni. Babu yake hawezi kuinuka, na nikimpelekea simu kitandani, mtoto anaganda, mguu mmoja juu."

Fundi akapapasa waya wake. "Ni katundu tu, bibi. Kama kidole cha huyo mtoto."

Basi likasimama. Bibi akashika mkoba, akamvuta fundi mkono. "Haya, shuka. Maneno hayo kamwambie mwenyewe."