Noelene Hartigan Anaondoka Kabla ya Kura ya Bwawa

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bi Noelene Hartigan anastaafu ukatibu wa chama chetu cha Mirrabel Kwanza baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Jumatano inayofuata, baraza la madiwani linapiga kura kuhusu bwawa la kuogelea la mji wetu wa Mirrabel. Niliombwa na wenzangu chamani nisizichanganye habari hizi mbili katika makala moja. Nimejaribu, nimeshindwa.

Noelene alianza kazi mwaka 1999, chama kikiwa na diwani mmoja, meza moja na chumba cha kuazima nyuma ya duka la dawa. Leo tuna madiwani wanne kati ya tisa wa baraza zima. Chumba ni kilekile. Ufunguo wa choo anajua yeye peke yake unapokaa, jambo ambalo kuanzia Jumatatu litakuwa janga.

Waliomwona siku za uchaguzi hawatamsahau. Alisimama kwenye geti la shule inayotumika kama kituo cha kura tangu asubuhi hadi jioni, fulana ya kijani ya chama juu ya sweta, akiwagawia wapiga kura karatasi zetu za kuwaelekeza jinsi ya kutupigia, huku moshi wa soseji na vitunguu vinavyochomwa kuuziwa wapiga kura ukimwingia machoni. Mwaka 2012 mgawaji wa karatasi za wapinzani alimwomba amshikie zake kidogo, aende kujisaidia. Noelene alizishika, kisha akazigawa, kwa bidii ileile. Kituo kile tulishindwa. Tulipomuuliza alitushangaa sisi. "Jamani, si alinikabidhi? Mlitaka nizikalie?"

Lakini niseme kazi yake hasa, maana wengi watakaokuja kwenye sherehe ya kumuaga hawaijui. Chama chetu kina kanuni moja tunayojivunia kuliko zote: hakuna mwenye ruhusa ya kumwambia diwani apige kura gani. Hatuamriwi na wakubwa wa Sydney kama vyama vikubwa, na sisi wenyewe hatuamrishani. Ni kanuni nzuri mno mpaka siku ikuume. Mwaka 2009 tulipeleka barazani hoja yetu wenyewe ya kuiokoa maktaba, tukagawanyika wawili kwa wawili, na hoja ikaangushwa kwa kura zetu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenzake. Maktaba ilifungwa, mji ukatucheka, na kwenye duka la mikate nikawa nahudumiwa wa mwisho hata nikiwahi wa kwanza.

Baada ya aibu ile Noelene akabuni dawa. Kanuni hakuigusa. Kila kura nzito ilipokaribia, alimpitia diwani kwa pikapu yake, akampeleka kwa mtu atakayeumizwa zaidi na kura hiyo, akamshusha getini. "Ingia ukamweleze mwenyewe utakavyopiga, na kwa nini," alisema, kisha akafungulia redio na kusubiri. Ukitoka hakukuuliza ulisema nini. Wapo waliotoka wamebadili mawazo, na wapo waliotoka na msimamo uleule ila uso umewashuka. Diwani mwenzangu Beryl Tuckwell alikwenda kumweleza mfugaji mmoja habari za barabara, akatoka amepewa trei ya mayai na hana tena uhakika wa jambo lolote. Tangu hapo, hata hivyo, hakuna kati yetu aliyepiga kura kwa uzembe.

Sasa bwawa. Lina nyufa na linavuja. Baraza linaweza kulitengeneza, au kutengeneza daraja la kijito cha Burrin linalopitiwa na basi la shule. Kwa pesa iliyopo vyote viwili haviwezekani, na bwawa lisipotengenezwa linafungwa. Madiwani wanne wanataka bwawa, wanne wanataka daraja. Wa tisa ni mimi, Vince Scarfone, ninayeandika haya. Silali vizuri. Mke wangu amenihamishia chumba cha wageni kwa sababu ya kujigeuzageuza.

Jumanne iliyopita Noelene alinipitia. Nilidhani ananipeleka kwa mwalimu wa kuogelea, au kwa yule mama mwenye kibanda cha aiskrimu pale bwawani. Tukazipita nyumba zao zote mbili. Akakata kona, akasimama mbele ya nyumba yake mwenyewe, akazima gari. Redio hakuifungulia.

Tangu abadilishiwe nyonga, na tangu afiwe na mumewe Clarrie, Noelene huogelea bwawani humo kila asubuhi ya kiangazi. Majini hahitaji fimbo. Sote tulilijua hilo, na sote tulijifanya tumelisahau.

"Haya, Vince. Nieleze."

Nikamweleza. Nilisema nitalipigia kura daraja, kwamba nimeziona nguzo zake baada ya mafuriko ya Machi, kwamba kila basi likiwa juu yake roho yangu huwa juu mpaka litoke. Alisikiliza akiitazama mikono yake kwenye usukani. Kwa woga nikaanza kusema kwamba nitakuwa nampeleka bwawa la Tarrona, kilomita arobaini tu, mara tatu kwa wiki, hata mara nne.

"Koma hapo hapo. Usianze kuahidi," akanikatiza. "Ahadi tuliviachia vyama vikubwa."

Nilitamani anitukane, ningejisikia nafuu.

"Mimi naona unakosea," akasema baadaye. "Lakini umekuja, umenieleza. Makala ya kuniaga iandike wewe, na hili uliandike humo, watu wasije wakalisikia kwa jirani." Kisha akawasha gari, akanirudisha kwangu.

Basi nimeliandika. Kwa niaba ya chama, asante, Noelene, kwa miaka yote uliyotuzungusha na kutushusha kwenye mageti ya watu. Nani atatupitia sasa sijui. Beryl amejitolea, lakini Beryl huendesha gari kama anayefukuzwa, na mimi nina hofu zangu za kutosha. Tunakutakia maisha mema na nyonga isiyokusumbua. Jumatano njoo barazani, ukae viti vya mbele. Nitakapoinua mkono nataka niwe nakutazama wewe.